Tulifika saa tisa kasorobo, mlango ulikuwa wa saa kumi

Nilishasema siandiki. Mama aliniambia, "Yaishe, mwanangu," nami nikaitikia kwamba yameisha. Lakini juzi mwenzangu wa kazini kaniuliza, akiwapeleka wazazi wake Uingereza walale wapi, hasa kule shamba kwenye maziwa na milima, na nilipoanza kumjibu sauti ikanitetemeka. Kumbe hayajaisha. Bora niyaandike.

Ukubwa wa chumba na idadi ya mito sitakueleza, vimo kwenye ukurasa wao na picha zao si za uongo. Mimi nina habari ya mlango.

Tulikuwa watatu: mimi, mama, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa ndio kwanza amemaliza chuo Leicester. Ilikuwa Julai, si ya mwaka huu. Mama ana miaka 68 na magoti yake yana baridi yabisi. Kwao Pangani, kwake Tanga, na kabla ya hapo alikuwa amepanda ndege safari moja tu, ya hija. Tukakubaliana kwamba tukishavuka bahari yote ile hatuwezi kurudi na picha ya joho peke yake. Tukapanga mzunguko: Leicester, London, Lake District (ndiko huko kwenye maziwa na milima), kisha Edinburgh, Durham, na kurudi London kupanda ndege. Kutafuta pa kulala ilikuwa kazi yangu, na nilikesha nayo karibu mwezi mzima, kwa sababu nilijua nikikosea mimi, atakayelipa ni mama kwa miguu yake.

Leicester ilituzoesha vibaya. Mji ule umejaa watu waliotoka kwetu: Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na wengine wa kutoka Kenya na Tanzania. Tulifikia hoteli ndogo karibu na Belgrave Road, na mzee wa mapokezi aliposikia mama analalamikia ngazi kwa Kiswahili akainua kichwa. "Karibuni, karibuni. Mama akae kwanza." Mzaliwa wa Jinja. Hakuomba pasipoti, hakuuliza jina. Alivuta kiti, akaagiza chai ya maziwa yenye tangawizi, na mambo ya karatasi yakaja baadaye. Chumba chenyewe kilikuwa na zulia lililochoka na dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Mama mpaka leo akisema "ile hoteli nzuri" anamaanisha hiyo.

London nilichagua Bloomsbury, kwa sababu unatembea kwa miguu hadi Euston na hadi King's Cross, na treni zetu zote mbili zilikuwa za hapo: ya kwenda maziwani inaondokea Euston, ya kutoka Uskoti inaingia King's Cross. Uamuzi huo bado nausimamia. Ila ujue hoteli nyingi za mitaa ile ni nyumba za zamani zilizounganishwa, ngazi nyembamba kama za mnara wa msikiti, lifti hakuna, na dirisha limetiwa kizuizi, linafunguka upana wa kiganja basi. Wala usidhani kwa kuwa ni Ulaya hutahitaji feni. Mwaka 2022 joto la nchi ile lilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu waanze kupima, na vyumba vingi bado havina kiyoyozi. Waandikie mapema, omba chumba cha chini. Sisi tuliomba, tukapewa, siku zikapita salama.

Sasa twende kwenye mlango.

Lake District iko kaskazini magharibi mwa Uingereza, ndani ya mkoa wa Cumbria. Kutoka Euston unashuka Oxenholme, unapanda treni ndogo ya kwenda Windermere, na reli inakomea hapo. Mbele ni basi. Basi namba 555 ndilo tegemeo la asiye na gari, linapita Ambleside na Grasmere mpaka Keswick, kwa hiyo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote uliza nyumba iko hatua ngapi kutoka kituo cha basi. Watu hununua picha: nyumba ya mawe peke yake bondeni, kondoo pembeni, moshi unatoka juu. Halafu wanafika jioni wanakuta hakuna basi wala teksi. Mimi hilo sikulikosea. Nilipata nyumba ya familia yenye vyumba vinne vya wageni, zile nyumba za kulala na chai ya asubuhi, ndani ya kijiji, dakika sita kutoka kituoni kwa mwendo wa mama.

Na nilimwandikia mwenye nyumba. Nikamweleza kwamba mama yangu ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, hatuli nguruwe, na tutafika mapema kidogo, je, tunaweza kupumzika ndani au angalau kuacha mabegi? Akajibu vizuri tu. La nguruwe amelielewa, anatusubiri kwa hamu, tusafiri salama. La kufika mapema hakuligusa. Nilipaswa kuuliza mara ya pili, najua, na hilo nimeshajilaumu vya kutosha.

Tulishuka kwenye basi mvua inanyesha, ile mvua ya upepo inayokupiga usoni hata ukiwa na mwavuli. Si ajabu kwa pale. Bonde la Borrowdale, mwendo mfupi tu kutoka huko, kuna kijiji kiitwacho Seathwaite kinachopata mvua zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Nalitaja hili makusudi: mtu anayeishi nchi hiyo anaijua mvua kuliko mimi. Hakuna wa kumweleza kulowa ni kitu gani.

Saa tisa kasorobo tukagonga. Mlango una kioo cha rangi sehemu ya juu, kijani na nyekundu, nikaona kivuli kinakuja. Ukafunguliwa upana wa uso wa mtu. Alikuwa mama mtu mzima, rika la mama yangu kabisa, mvi zimebanwa nyuma, aproni kiunoni, glavu za mpira mkono mmoja. Mama akamsalimia kwa Kiingereza alichofundishwa na mdogo wangu kwenye treni, maneno mawili aliyoyarudia kutoka London mpaka Oxenholme. Yule mama akatazama saa ya ukutani nyuma yake. Akatazama magurudumu ya mabegi yetu, yana matope. Akasema, "Samahani sana, tunapokea kuanzia saa kumi."

Mdogo wangu akamwambia chumba hatukihitaji sasa hivi, tunaomba tu mama apate pa kukaa. Sisi wawili tutabaki nje.

"Samahani sana. Saa kumi."

Na mlango ukafungwa. Taratibu, bila kishindo. Afadhali angeubamiza, ningejua tumegombana.

Upande wa kulia wa mlango kuna dirisha kubwa, na ndani yake ni sebule ya wageni. Nilisimama pale maji yananitiririka shingoni nikahesabu viti. Vitano. Kimoja kikubwa, cha kuegemea, kitambaa chake cha maua ya waridi, kimeelekea kwenye meko. Hakuna aliyekalia hata kimoja. Kwetu mtu akipiga hodi, hata kama hujafagia, hata kama una unga wa mandazi mpaka kwenye viwiko, unasema karibu kwanza, halafu ndipo unamwomba radhi kwa vumbi. Nimelelewa hivyo na huyo huyo aliyeachwa nje.

Tungekwenda wapi? Duka la chai lilikuwa limefungwa siku hiyo. Baa ilikuwepo, ina moto na viti, lakini mama haingii panapouzwa pombe, na sitamlazimisha mama yangu aivunje desturi yake ya maisha kwa sababu ya ratiba ya mtu. Kibanda cha basi kiko wazi upande unaotoka upepo. Tukaenda mpaka kanisani. Pale kwenye lango la kuingilia makaburini kuna kijipaa cha mbao juu ya nguzo, na chini yake benchi. Tukamkalisha hapo.

Alikuwa amejitanda khanga juu ya koti, ikalowa ikamganda mabegani. Mikono ameificha ndani ya mikono ya koti. Hakusema neno. Alikuwa anavuta tasbihi mfukoni, nikisikia punje zinavyogongana, moja, moja, moja. Mdogo wangu alisimama mbele yake kumkinga upepo kwa mgongo, suti aliyovaa siku ya kuhitimu iko kwenye begi inalowa. Dakika 75.

Usiku mdogo wangu akasoma kwenye simu kijumba kile ni cha nini. Yako mengi vijijini Uingereza. Zamani mtu akifa, jeneza lilikuwa linapumzishwa pale langoni likimngoja mchungaji aje alipokee. Mama hatujamwambia mpaka leo.

Sasa nataka nimtendee haki yule mama, kwa sababu sababu zake nazijua. Nyumba kama ile ni kazi ya mtu mmoja au wawili. Asubuhi anapikia wageni, saa nne wanaondoka, kisha shuka za vyumba vinne zinavuliwa, zinafuliwa, vyoo vinasuguliwa, ngazi zinafagiliwa. Saa za kupokea wageni zilikuwa zimeandikwa, nilizisoma kwa macho yangu, nikabonyeza kukubali. Pengine aliwahi kumruhusu mgeni mmoja akaharibiwa siku nzima. Yote hayo nayakubali. Kiti kilikuwa kitupu.

Saa kumi kamili mlango ukawa wazi, na yeye kwenye kizingiti bila aproni, nywele zimechanwa, tabasamu mpaka masikioni. "Karibuni! Safari ilikuwaje?" Kama hatujapata kuonana. Hapo ndipo nilipozidi kuwaka, kwa sababu ule uso ulikuwa wa kweli, si wa kuigiza. Kwake yeye mgeni alianza kuwepo saa kumi, na aliyegonga saa tisa kasorobo alikuwa mpita njia. Nilishindwa kumjibu. Mdogo wangu akajibu kwa niaba yetu. Mwenye nyumba akamvua mama koti, akaichukua na khanga, akaenda kuvitundika jikoni juu ya jiko lake la chuma vikauke.

Chumbani palikuwa na baridi. Kipasha joto cha ukutani ni chuma kitupu, nikashuka kuuliza. Kinawaka saa kumi na mbili, akasema. Saa tena! Kulikuwa na kadi ya plastiki juu ya meza yenye saa za kila kitu: chai ya asubuhi saa mbili na nusu mpaka saa tatu na nusu, maji ya moto ya kuogea usiku mwisho saa nne, mlango wa mbele kufungwa saa tano. Mama aliingia msalani akakaa gizani, kwa kuwa swichi haiko ukutani. Mwambie mzazi wako mapema: nyumba nyingi za kule taa ya bafuni huwashwa kwa kamba inayoning'inia kutoka darini. Na kwenye beseni bomba ni mbili, moja inaunguza, nyingine barafu, hazikutani. Alichokipenda mama ni birika la umeme lililokuwa chumbani na sinia yake, majani ya chai, vikopo vya maziwa, biskuti mbili mbili. Karibu kila pa kulala nchi ile utalikuta, hata pa bei ya chini. Akanywa vikombe vitatu mfululizo miguu ikiwa kwenye blanketi, akasema, "Alhamdulillahi, sasa damu inatembea." Mimi nilikuwa kitandani naandika maoni yangu ya nyota moja, maneno makali ambayo sitayarudia hapa. Nilipobonyeza kutuma, intaneti ikagoma. Kuta za mawe nene.

Asubuhi tukashuka kula. Meza ya pili walikaa mtu na mkewe, wazee, wanakula soseji, nyama ya nguruwe ya kukaanga, na kile kipande cha duara cheusi kinachotengenezwa kwa damu ya nguruwe. Mama akageuza uso dirishani. Mwenye nyumba akamletea sahani: mayai, maharage, uyoga, nyanya ya kukaanga, mkate. Mama hakugusa. Alikuwa anawaza alichokuwa anawaza, na hata mimi niliwaza hivyo hivyo.

Yule mama akaliona hilo. Akarudi jikoni, akatoka na kikaango mkononi. Kikaango kipya. Kibandiko cha bei kilikuwa bado kwenye mpini, pauni 14, kona moja imeanza kubanduka kwa mvuke. Akakiinamisha mbele ya mama, mbele ya mama na si mbele yangu niliyejua Kiingereza, akaeleza polepole kwamba alisoma kuhusu watu wasiokula nguruwe, akaona vyombo vyake vyote vimeshapikia, ndipo akaenda mjini Kendal kununua hiki. Mafuta ni ya alizeti. Mwiko pia ni mpya.

Mdogo wangu akatafsiri. Mama akamshika yule mama mkono wenye kikaango kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akulipe, dada yangu." Kisha akala sahani yote.

Dada yangu! Mtu wa jana mlangoni.

Nikaifuta nyota moja, nikaweka nne. Kufika ngazini hasira ikanirudia upya na yenye nguvu kuliko ya jana. Nikaanza kujiuliza: mtu anayeweza kusafiri mpaka Kendal kumnunulia kikaango mgeni asiyemjua, anashindwaje kumpa kiti mgeni huyo huyo aliye mbele yake analowa? Kama angekuwa mbaya tu ningemwelewa. Nikashusha mbili. Siku ya pili mvua ikakatika, milima ikatoka yote na kuta zake za mawe yaliyopangwa bila saruji, nikarudi nne. Tulipotoka matembezini tukamkuta mama sebuleni, kwenye kiti kile kile cha maua. Yule mama amekaa kiti cha pili. Hawana lugha hata moja ya pamoja. Wanaonyeshana wajukuu kwenye simu, kisha yule mama akawa anamwonyesha mama kondoo wa dirishani, aina yao huitwa Herdwick, wanazaliwa weusi halafu wanageuka kijivu kadiri wanavyokua. Alikuwa anagusa mvi zake, anaonyesha kondoo, anagusa mvi za mama. Mama anacheka mpaka anajifuta machozi. Nikasimama mlangoni sijui niingie au nitoke. Nilikuwa nimefurahi kwa ajili ya mama, na wakati huo huo nilikuwa nakitazama kile kiti.

Edinburgh sitakaa nayo sana. Ikwepe Agosti kama huendi kwa ajili ya tamasha lao la sanaa, kwani tangu 1947 mji ule mwezi huo unajaa na bei za vyumba hupaa. Mji mkongwe ni ngazi za mawe za kuzunguka, si za magoti mabovu. Tulilala Leith, upande wa bandarini wa mji huo huo, ambako tramu inafika tangu 2023, kwenye hoteli ya kawaida isiyo na lolote la kukumbukwa. Tulifika saa sita mchana. Kijana akasema chumba bado, akapokea mabegi, akaonyesha makochi kwa kidole. Hakutabasamu. Nilimwombea dua.

Durham ndiko kuna jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui. Vyuo vya kule hukodisha vyumba vya wanafunzi wanafunzi wakiwa likizo, na si Durham tu, hata Oxford, Cambridge na London. Bei yake mara nyingi ni chini ya hoteli. Unapata kitanda chembamba, meza ya kusomea na rafu tupu, na nje ya dirisha una kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1093. Hata ngome iliyo jirani ya kanisa hilo ni makazi ya wanafunzi. Tulikuwa mapema tena, na mlinzi wa lango akamwingiza mama kwenye kiofisi chake, akamwachia kiti chake mwenyewe, yeye akasimama. Sikujua kama nitalia kwa kitu kidogo vile.

Basi mwenzangu wa kazini nilimjibu hivi: ukiwa na wazazi, kaa penye mapokezi, penye mtu mlangoni mchana kutwa, na nyumba za familia za kule milimani waachie vijana wenye mabuti. Nilimjibu hivyo asubuhi. Jioni nikamfuata nikamwambia asinisikilize, aende, ila aulize habari ya kufika mapema mara mbili na asipande basi mpaka ajibiwe. Ananiona sieleweki.

Na mama ndiye anayezidi kunichanganya. Mdogo wangu sasa ana kazi Manchester, na mama anataka kwenda tena. Nimemtafutia hoteli Windermere yenye lifti na mapokezi usiku na mchana. Kaikataa. Anataka kwa dada yake wa kikaango, chumba kile kile chenye dirisha la kondoo. Nimemkumbusha mvua, nimemkumbusha benchi. Akaniambia, "Mimi nilikaa pale nikamaliza uradi wangu. Wewe ndiye bado umekaa."

Jana usiku nimemwandikia mwenye nyumba. Bei sikuuliza, na yaliyopita sikuyataja. Nimemuuliza jambo moja: tukifika saa tisa kasorobo na mvua inanyesha, mama anaweza kukalia kiti cha maua? Mdogo wangu anasema nitulie, atajibu. Tangu asubuhi nimeshafungua barua pepe mara sita.